Goti la Chuma

Inspekta Sostenes alikiri kosa lake mwenyewe, tena mbele ya Zaidi, wakati angekuwa radhi kumeza kaa la moto kuliko kumkiria Zaidi jambo lolote.

"Nimemweka ndani mtu siye."

Zaidi aliacha kumenya karanga. Tangu apandishwe cheo, dawati lake lilikuwa limehamia chini ya feni, na chumba cha upelelezi kilikuwa na feni moja tu. Sostenes hakuwa na kinyongo na cheo. Kilichomuuma ni feni.

"Rudia, kaka. Feni inapiga kelele."

"Umenisikia vizuri sana."

"Yule binti wa kompyuta? Uliyemkamata kwa mbwembwe, ukamwambia mkuu wa kituo kesi imekwisha?"

"Huyohuyo."

"Na jalada linakwenda mahakamani Jumatatu." Zaidi alitafuna karanga moja polepole, kama mtu anayekula pilau kwenye harusi ya hasimu wake. "Umejuaje kama siye?"

"Nimemwonyesha karatasi, akaona wivu."

Zaidi alisubiri maelezo. Sostenes hakumpa. Alichukua kofia yake, akamkumbusha kwamba karanga anazokula ni za mama yake huyohuyo binti, aliyeshinda getini tangu Alhamisi, kisha akatoka kwenye vumbi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi.

Pale Kizota palikuwa na karakana ya vyuma iliyokuwa mali ya serikali. Serikali ilipoanza kuuza kila kitu kasoro nembo ya taifa, mfanyabiashara Jamaldini aliinunua yote: majengo, mashine, na mchoraji wake mkongwe, Mzee Mrisho, pamoja na meza yake ya kuchorea. Baadaye akaagiza kompyuta kutoka Dubai, akampeleka binti mmoja, Gladness, kwenye kozi ya miezi kadhaa Dar es Salaam. Gladness akarudi na ufundi ambao Kizota haikuwahi kuuona. Alichora mashine kipande kimoja kimoja ndani ya kompyuta, akaviunga kwa pini, halafu akaizungusha mashine nzima kwenye kioo kabla fundi hajakata hata chuma kimoja.

Mashine ya kwanza ilikuwa ya kukamulia zabibu. Ilipelekwa Makutupora, wakulima wakakusanyika, maturubai yakafungwa, soda zikagawiwa. Mkulima mmoja, Yotham, akapewa heshima ya kubonyeza swichi. Mashine ilinguruma, sahani ikashuka, mkono wa chuma ukakatika, na kipande kikaruka kikamvunja Yotham mkono wake mwenyewe mahali pawili. Madaktari walikuwa bado wanabishana kama vidole vyake vitarudi kufanya kazi.

Sostenes alipochunguza aligundua jambo la ajabu. Mchoro uliokuwa ndani ya kompyuta ulikuwa na pini moja mahali tofauti na ule wa kwenye karatasi waliyoitumia mafundi wa kuchomelea. Maana yake mtu alisogeza pini kwenye kompyuta, akachapa karatasi, akawapelekea mafundi, halafu akairudisha pini kama ilivyokuwa. Mafundi walikumbuka kwamba karatasi waliikuta mezani pao siku ya Ijumaa, waliporudi kutoka msikitini. Na pale karakana nzima nani anajua kompyuta? Gladness. Saa ile ya swala alikuwa wapi? Kwa mama yake, sokoni Majengo. Shahidi nani? Mama yake, Anyesi. Sostenes alicheka, akafunga pingu.

Asubuhi hii, kabla ya kwenda kujidhalilisha kwa Zaidi, alimtoa Gladness mahabusu, akamkalisha kwenye benchi, akamwekea ile karatasi ya mafundi magotini.

"Nani kachora upuuzi huu?" Gladness aliuliza.

"Nilidhani utaniambia wewe."

"Hii siyo yangu. Angalia hii pini ya mkono wa mota. Imesogezwa nje."

"Nieleze kama unamweleza mtu aliyefeli hesabu."

"Kwani ulifeli?"

"Nieleze tu."

Gladness alimtazama miguu. "Kaa, Afande. Kunja goti. Sasa fikiria unyayo wako ndio sahani inayokandamiza zabibu. Nyoosha mguu, lakini usinyooshe wote."

Sostenes akasukuma mguu. Unyayo ukasogea mbele.

"Kunja."

Ukarudi.

"Hiyo ndiyo mashine yangu. Mota inalisukuma goti, goti linakaribia kunyooka, sahani inashuka, zabibu zinatoa maji. Goti linakunjwa, sahani inapanda. Mimi nililizuia lisinyooke kabisa."

"Na hili la kwenye karatasi?"

"Hili linasukumwa zaidi. Linanyooka, linapita, linakunjikia upande wa pili."

"Langu likikunjikia upande wa pili nitaita mama."

"Lako ndiyo. La chuma halina mama. Likishapita, mota inalivuta, linanyooka tena ndipo lirudi. Kwa hiyo sahani inashuka, inapanda kidogo, inashuka tena..." Kidole chake kilirudi kwenye ile pini, kikatulia hapo. "Inakandamiza mara mbili. Kwa mzunguko mmoja. Na mota ileile."

Sostenes alikuwa ameona nyuso nyingi kwenye benchi lile: za woga, za uongo, za njaa. Huu ulikuwa uso mwingine. Midomo ilibana, pua zikapanuka.

"Nimekaa na goti hili tangu masika," Gladness alisema, "nikalifunga kama mbuzi. Halafu huyu... Nani huyu, Afande?"

"Lakini limevunjika."

"Limevunjika kwa sababu hakukishusha kitako! Goti likinyooka kabisa, sahani inashuka kuliko nilivyopanga. Inakita kwenye kitako cha mashine, chuma kwa chuma. Mkono ukakatika palepale, ile ya kwanza."

"Kompyuta haikumwonya?"

"Kompyuta yetu imechoka. Ukiviweka vipande vyote inaganda. Tunaficha kitako na tenga la zabibu, tunabakiza vinavyocheza. Na hata usipovificha, kule kwenye kioo chuma kinapita ndani ya chuma kama moshi. Hakilii."

"Nani anajua kwamba mnavificha?"

"Yeyote anayesimama nyuma ya kiti changu. Na nani hasimami? Mzee Mrisho anakuja kuguna. Bosi analeta wageni. Mkewe, Mama Sabiha, analeta sinia. Mafundi wanakuja kupoa."

"Sasa nisikilize vizuri. Kama mkono ulikatika sahani ikishuka mara ya kwanza, nani ameiona mashine hii ikikandamiza mara mbili?"

"Hakuna," Gladness alisema. Kisha akainua macho. "Labda aliyeisogeza hiyo pini. Kwenye kioo."

Hapo ndipo Sostenes alipojua amekosea. Mtu anaweza kuigiza machozi, anaweza kuigiza hata kifafa. Lakini mtu kujionea wivu mwenyewe, kwa kazi aliyoifanya mwenyewe, hilo alikuwa hajaliona Dodoma wala kwingine.

Alipofika Kizota alimkuta Mzee Mrisho kwenye meza yake ya kuchorea. Juu ya meza kulikuwa na mfuko wa saruji na tairi la baiskeli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunikamata?"

"Kwani umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Lakini nilidhani ningekuwa wa kwanza." Mrisho alipangusa miwani kwa ncha ya kanzu. "Yaani hata kwa kushukiwa, yule mtoto amenitangulia."

"Una wivu naye?"

"Andika. Wivu ninao, na nina haki nao. Mashine za kusaga kuanzia hapa mpaka Busi zimetoka kwenye meza hii. Kompyuta ilipokuja ikatandikiwa kitambaa cha kufuma. Meza yangu ikawekewa saruji. Ungekuwa wewe?"

Sostenes aliifikiria feni, akakohoa. "Kompyuta unaiweza?"

"Nilikishika kile kipanya siku moja. Mshale ukakimbia. Niliutafuta mpaka adhuhuri."

"Na ile Ijumaa?"

"Safu ya mbele, bega kwa bega na Jamaldini. Muulize imamu. Muulize Jamaldini, nilimkanyaga."

Jamaldini mwenyewe alithibitisha kukanyagwa. Aliwakaribisha Sostenes na Mrisho ofisini, akawaketisha, akatamka jambo lile lile alilokwisha kulisema mara zote alizohojiwa.

"Inspekta, Ijumaa saa ya swala karakana inakuwa tupu. Mlinzi yuko nje getini. Ndani hapakuwa na mtu."

Mlango ukafunguka kwa kusukumwa na kiwiko. Aliingia mke wa Jamaldini, Sabiha, mwanamke mrefu mwenye ushungi wa kijivu, sinia kichwani na chupa ya chai mkononi. Alitua sinia: vikombe, bakuli la sukari, vitumbua.

"Karibu chai, Inspekta. Yule binti anaendeleaje huko?"

"Anakula vizuri, mama."

"Nimemtilia vitumbua kwenye kontena. Utampelekea."

"Ahsante. Nitamfikishia." Sostenes akavuta kiti. "Bwana Jamaldini, mimi nina shida moja. Jumatatu nasimama mbele ya hakimu, ataniuliza mashine ile iliyovunjika ilikuwa inakwendaje, nami nitabaki kutoa macho. Nionyeshe."

"Inazunguka, inakamua, inaleta faida."

"Nionyeshe kwa mikono."

Jamaldini alizungusha mikono hewani kama mtu anayemuaga mgeni wa treni. Mrisho hakuvumilia. Alivuta vijiko viwili, akavikutanisha ncha kwa ncha vikawa goti, akaweka kifuniko cha bakuli la sukari chini yake, na chini ya kifuniko akaweka kitumbua.

"Tazama, Inspekta. Hii ni mota, kidole changu. Inasukuma hapa. Goti linanyooka, sahani inashuka." Kitumbua kikabonyea. "Goti linakunjwa, sahani inapanda. Basi. Mzunguko umekwisha. Hata mtoto angechora."

"Ndivyo ilivyokuwa ile iliyovunjika?"

"Ndivyo."

Sabiha alikuwa anamimina chai. Alisonya, kidogo tu, kama mtu aliyeona mwenzake anakata kitunguu vibaya.

"Siyo hivyo, Mzee Mrisho. Hapo umekomea njiani. Lete." Aliweka chupa, akavichukua vijiko. Vidole vyake havikusita. "Ile goti lake lilikuwa linapita. Linanyooka, moja. Linakwenda upande huu, sahani inapumua kidogo. Halafu mota inalivuta, linanyooka tena. Mbili. Ndipo linakunjwa." Kifuniko kilishuka, kikainuka, kikashuka tena, na mafuta ya kitumbua yakatokeza pembeni. "Inakamua mara mbili. Ndio uzuri wake."

Sostenes alikitazama kitumbua muda mrefu kuliko kitumbua kinavyostahili.

"Umeiona wapi ikifanya hivyo, Bi Sabiha?"

"Makutupora. Si wote tulikuwepo?"

"Mimi sikuwepo. Lakini nimewahoji waliokuwepo, mmoja mmoja. Mkono ulikatika sahani ikishuka ile ya kwanza. Hiyo ya pili hakuna aliyeiona."

"Basi labda Gladness alimweleza," Jamaldini alidakia.

"Gladness ameiona karatasi ile leo asubuhi, kwa mara ya kwanza. Nilimwonyesha mimi." Sostenes alimgeukia mzee. "Mzee Mrisho, Ijumaa nani anawaletea chakula cha mchana?"

"Sabiha."

"Anakileta saa ngapi?"

"Tunakikuta tukitoka kuswali. Cha moto."

"Sasa mbona mliniapia kwamba ndani hapakuwa na mtu?"

"Hapakuwa na mtu, Inspekta," Jamaldini alisema kwa uchungu wa kutoeleweka. "Alikuwa mke wangu."

Sabiha aliviweka vijiko juu ya sinia, kimoja kando ya kingine. Jamaldini alimtazama, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akaonekana ameelewa kitu.

"Sabiha! Nilikuapia kwa Mungu. Hakuna kitu kati yangu na yule binti!"

Sabiha alicheka. Kicheko kilimtoka vibaya, akakifunika kwa ushungi.

"Wewe? Nani amekutaja wewe?"

"Si wivu huo?"

"Wivu ndiyo. Lakini siyo juu yako, baba. Kaa utulie." Alimgeukia Sostenes. "Inspekta, mimi nimesoma ufundi. Kabla hajanioa nilikuwa nachora. Kompyuta ilipofika kutoka Dubai, maboksi niliyafungua mimi. Nikamwambia, nipeleke mimi kozi. Muulize alisemaje."

Jamaldini aliangalia vikombe. "Nilisema nani atapika."

"Akampeleka yeye. Nikaleta sinia. Kila siku natua sinia, nasimama nyuma ya kile kiti. Gladness akidhani nangoja vyombo. Nimemwona akiunga pini, nimemwona akificha kitako ili mashine isigande, nimemwona akilizuia lile goti lisipite. Kila siku linafika pale pazuri, analirudisha. Nilikuwa nasikia kuwashwa mikono."

"Ukaja Ijumaa."

"Ijumaa mbili nilijifunza tu. Ya tatu nikaisogeza pini. Nikaizungusha. Ikakamua mara mbili, Inspekta. Bila kelele, bila kukwama. Sijawahi kuona kitu kizuri vile nilichokifanya kwa mkono wangu."

"Na kitako kilikuwa kimefichwa."

"Kilikuwa kimefichwa," Sabiha alisema. Sauti ilishuka. "Nilikisahau. Nilimwona yeye siku zote akikificha, nikaona ndio utaratibu. Kumbe yeye alikuwa na hesabu yake kichwani."

"Kwa nini uliirudisha pini baada ya kuchapa?"

"Asiione mapema. Angeiona angesema ni yake. Nilitaka wakulima waione kwanza, washangilie, ndipo niseme mbele ya watu: hii ni kazi yangu."

"Badala yake Yotham amevunjika mkono."

"Nimekwenda hospitali kila siku na uji. Muulizeni."

"Na Gladness?"

Mzee Mrisho, ambaye tangu mwanzo alikuwa hajagusa chai, alisogeza kiti chake nyuma kidogo.

"Gladness alipochukuliwa," Sabiha alisema, "nilisema nitakuja kituoni kesho. Kesho ikafika nikaleta sinia. Kiti kikawa kitupu. Jana nikakikalia."

Mzee Mrisho alivua miwani yake.

"Nilikikalia mpaka alasiri. Nikakirudisha kitako, nikakishusha. Kompyuta ikaganda mara tatu, nikaiwasha tena. Mahesabu sijayamaliza."

"Vaa viatu, mama," Sostenes alisema. "Twende."

Njiani Jamaldini aliendesha gari lake nyuma ya Land Rover ya polisi, akipiga honi kila mahali pasipohitaji honi. Sabiha alikaa na mikono juu ya mapaja. Sostenes alimwona kwenye kioo akisogeza kidole gumba kimoja juu ya kingine, kikifika mahali kinapita, kinarudi.

Zaidi aliandika maelezo, maana mwandiko wake ulikuwa mzuri na yeye alilijua hilo. Alipomaliza alimnong'oneza Sostenes kwenye mlango.

"Kaka, hii ya wivu umeitoa wapi? Kozi gani hiyo hawakunipeleka?"

"Kaa chini ya feni yako."

Askari wa zamu akaenda kumfungulia Gladness. Korido ya kituo ni nyembamba; anayetoka na anayeingia lazima wapishane ubavu kwa ubavu. Gladness alitoka na mfuko wa nailoni, nguo zake ndani, nywele zimejaa nyuzi za blanketi. Mama yake, Anyesi, alikuwa ameruhusiwa kuingia mpaka kaunta. Alimshika mwanawe mkono juu ya kiwiko, akambana kana kwamba kuna mtu anamvuta upande wa pili.

Sabiha alisimama. Askari aliyekuwa naye akasimama pia, bila kujua kwa nini.

"Gladness."

Gladness alimtazama, kisha akamtazama Sostenes. Sostenes akatikisa kichwa mara moja, kukubali. Binti akaelewa. Mfuko ukamponyoka, akainama akauokota, na alipoinuka uso wake ulikuwa umefungwa.

"Sikuombi unisamehe," Sabiha alisema. "Hilo nitalipeleka kwa Yotham, na kwa mama yako hapa, na litachukua muda wake. Nakuomba kitu kingine."

"Twende," Anyesi akamwambia mwanawe.

"Nakuomba uniambie. Karatasi umeiona. Kitako ningekishusha, tenga nikaliongezea kina, mkono nikaunenepesha kidogo pale kwenye pini. Kule nyumbani hakuna wa kumuuliza. Mzee Mrisho atasema hapana kwa sababu ni kompyuta. Mume wangu atasema ndiyo kwa sababu anaogopa. Wewe peke yako ndiye unayeijua."

Gladness alikuwa anafunga ukanda wa kandambili uliochomoka. Ulikuwa umeshaingia, lakini aliendelea kuufunga. Zaidi alichungulia mlangoni, kalamu mkononi. Sostenes, ambaye alikuwa ameuona uso wa binti yule juu ya benchi asubuhi, aliangalia ukutani, kwenye picha ya Rais.

Anyesi akamvuta mwanawe. Walikwisha fika kwenye ngazi, kwenye jua, wakati Sabiha alipopaza sauti, si kwa hasira, ila ili imfikie.

"Gladness! Niambie tu, mdogo wangu. Ingekwenda?"